Jinsi Mji wa San Francisco Unavyopunguza Takataka Zake

Kila mahali wakaapo watu pana taka. Mtu akila ndizi, hubaki ganda. Akinunua sukari, hubaki karatasi. Akivaa viatu mpaka vikachakaa, hubaki vipande vya ngozi na misumari. Kijijini taka hizo si nyingi, na nyingi katika hizo huoza upesi. Maganda hupewa mbuzi, majivu hutiwa shambani, na kopo tupu likipata fundi huwa koroboi, au huwa kipimo cha kupimia mchele. Lakini mjini mambo ni mengine. Huko watu kwa maelfu hukaa mahali padogo, wasio na mbuzi wala shamba, na karibu kila kitu wanunuacho huja kimefungwa ndani ya kitu kingine. Kwa hiyo kila mji mkubwa una swali moja gumu: Taka za leo zitakwenda wapi, na za kesho zitakwenda wapi?

Katika habari hii tutasoma jinsi mji mmoja ulivyojaribu kulijibu swali hilo. Mji huo ni San Francisco, katika nchi ya Marekani. Zaidi tutatazama mahali palipo chini ya mamlaka ya mji wenyewe, yaani ofisi zake, kiwanja chake cha ndege, bustani zake, na njia zake wakati wa sherehe. Maana mtu atakaye kuwaamuru jirani zake wafagie, yafaa ua wake uwe umefagiwa kwanza.

1. Mji uliozungukwa na maji

San Francisco umejengwa kwenye ncha ya rasi, upande wa magharibi wa Marekani, katika jimbo la California. Magharibi yake ni bahari ya Pasifiki, kaskazini ni mlango wa bahari, na mashariki ni ghuba kubwa. Nchi kavu ya mji huo ni kama kilomita za mraba 120 tu, na wakaao humo ni zaidi ya watu 800,000. Nyumba zimesongamana, wala hapana mahali palipobaki pa kuchimba jaa kubwa. Taka zisizofaa kitu hupakiwa katika malori na kupelekwa mbali nje ya mji. Mpaka mwaka 2016 zilipelekwa Altamont, mashariki ya ghuba. Tangu mwaka huo zimekuwa zikipelekwa Hay Road, karibu na mji wa Vacaville, safari ya zaidi ya kilomita 80.

Jaa la namna hiyo, ambalo siku hizi wengi huliita dampo, ni mahali palipotengenezwa kwa kazi hiyo. Taka humwagwa, hushindiliwa kwa mashine nzito, kisha hufunikwa udongo. Mtu apitaye hapo baada ya miaka mingi aweza kuona kilima cha majani tu, akadhani ya kuwa mambo yamekwisha. Lakini chini ya udongo kazi bado inaendelea.

Chakula kikioza penye hewa, vijidudu visivyoonekana kwa macho hukila na kukigeuza udongo mweusi. Kikifukiwa mahali pasipo hewa, vijidudu vya namna nyingine ndivyo vikilavyo, navyo hutoa gesi iitwayo methani. Gesi hiyo ikipanda angani hulizuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi limzuiliavyo mtu joto lake. Wataalamu wamepima, wakaona ya kuwa kwa muda wa miaka 100 kilo moja ya methani huzuia joto zaidi ya mara 25 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Basi ganda la ndizi, ambalo shambani ni chakula cha udongo, likifukiwa katika jaa huwa chanzo cha madhara. Ganda ni lile lile. Tofauti ni mahali lilipowekwa.

2. Ngazi yenye vipandio vitatu

Kabla ya kusoma yaliyofanywa na mji huo, yatupasa kujua njia tatu za kupunguza taka. Njia hizi zina mpango kama ngazi, na kipandio cha kwanza ndicho bora kuliko vingine.

Kipandio cha kwanza ni kutofanya taka. Mtu anywaye maji kwa kikombe chake hana chupa ya kutupa. Asiyekuwa na chupa ya kutupa hahitaji pipa, wala lori, wala jaa.

Kipandio cha pili ni kutumia kitu tena na tena. Mfano wake tunao hapa petu siku nyingi. Mtoto atumwaye dukani kununua soda ya chupa ya kioo huambiwa aende na chupa tupu, au aache fedha ya chupa mpaka atakapoirudisha. Chupa ile hurudi kiwandani, huoshwa, hujazwa, na hutoka tena. Fedha ile kidogo ndiyo imfanyayo mtoto asiivunje wala kuitupa. Tena mafundi wetu huchukua magurudumu ya motokaa yaliyochakaa, wakayakata na kufanya ndara. Hiyo nayo ni kazi ya kipandio cha pili.

Kipandio cha tatu ni kukivunja au kukiyeyusha kitu kilichochakaa na kukitengeneza upya. Kazi hii siku hizi huitwa kurejeleza. Kioo cha chupa huyeyushwa kikawa chupa nyingine. Karatasi huloweshwa, husagwa, na kufanywa karatasi mpya. Lakini kila mara nyuzi zake hukatika zikawa fupi zaidi, hata mwisho hazishikamani tena. Alumini, madini yafanyayo makopo ya soda, yaweza kuyeyushwa mara nyingi bila kuharibika, na kazi hiyo hutumia kama asilimia 5 tu ya nguvu itakiwayo kuyapata madini hayo kutoka katika mawe. Na mabaki ya chakula nayo huwa mboji, yaani mbolea ya majani na vyakula vilivyooza vizuri.

Watu wengi hupenda kukaa katika kipandio cha tatu, kwa sababu hakiwataki kuacha desturi zao. Hutupa kama walivyozoea, ila katika pipa jingine. Tutaona mbele jinsi San Francisco ilivyofundishwa jambo hilo.

3. Mapipa matatu

Mwaka 2002 wakuu wa mji waliweka shabaha. Walisema ya kuwa ifikapo mwaka 2010 sehemu 75 katika kila 100 za taka zisipelekwe jaani, na mwaka 2003 ikaongezwa shabaha ya kuwa ifikapo mwaka 2020 isipelekwe hata moja. Mwaka 2009 wakatoa sheria ya kuwataka watu wote, wa majumbani, wa madukani na wa ofisini, watenge taka zao. Wakati huo haukuwako mji mwingine mkubwa wa Marekani uliokuwa umewalazimisha watu wote kutenga hata mabaki ya chakula.

Mpango wenyewe ni mapipa matatu yenye rangi tatu. Pipa la buluu ni la vitu vya kutengenezwa upya: karatasi safi, maboksi, chupa, makopo. Pipa la kijani ni la vitu viozavyo: maganda, mifupa, mabaki ya wali na mkate, majani ya bustani, na karatasi zilizoingia mafuta ya chakula. Pipa jeusi ni la vile visivyofaa kwingine, navyo ndivyo viendavyo jaani. Baadaye pipa jeusi la nyumbani lilipunguzwa ukubwa, na la buluu likaongezwa, ili hata umbo la mapipa limwonyeshe mtu ni lipi litakiwalo kujaa.

Vya pipa la buluu hupelekwa katika nyumba kubwa ya kutengea taka, iliyo gatini kando ya ghuba. Huko humwagwa juu ya mkanda mpana uendao wenyewe. Sumaku huvuta vyuma, mashine nyingine husukuma alumini, nyingine hutambua plastiki kwa mwanga. Lakini mashine haziwezi yote. Kandokando ya mkanda husimama watu waliovaa glavu, wakiondoa kwa mikono yao vile visivyopasa kuwamo. Vya pipa la kijani huenda nje ya mji, huchanganywa, hulundikwa, na kupitishiwa hewa. Vijidudu vikifanya kazi yake lundo hupata moto, hata kupita nyuzi 55 za Selsiasi, joto liuwalo mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi. Kisha mboji huuzwa kwa wakulima wa mboga, wa matunda na wa mizabibu. Hivyo chakula kilichotoka shambani hurudi shambani.

Yaweza kuulizwa: Kwa nini asitenge mtu mmoja huko mwisho, kuliko kuwasumbua watu wote? Jibu ni hili. Kuumwaga mchanga katika mchele ni kazi ya dakika moja, lakini kuuchambua ni kazi ya siku nzima, na hata hivyo mlaji atauona mchanga mdomoni. Ndivyo ilivyo kwa taka. Karatasi safi ina thamani. Ukiimwagia mchuzi, thamani imekwisha, na karatasi za jirani zake nazo zimeharibika. Taka hutengwa vizuri mahali pamoja tu, nako ni mkononi mwa mtu azitupaye, kabla hazijachanganyika.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 2018. Kwa miaka mingi miji ya Marekani na ya Ulaya ilikuwa ikipakia karatasi na plastiki zilizokwisha tumika katika meli na kuziuza Uchina. Nyingi zilikuwa chafu. Mwaka huo serikali ya Uchina ilikataza namna nyingi za taka hizo kuingia, na zile zilizoruhusiwa zikatakiwa ziwe na uchafu usiozidi nusu ya sehemu moja katika 100. Miji mingi ikaingia taabuni, kwa kuwa watu wake hawakujifunza kutenga. Mingine ikarudi kutupa jaani vitu vile vile ambavyo wananchi walikuwa wameviweka katika mapipa kwa moyo mzuri.

4. Mji waanza nyumbani kwake

Sasa tutazame ofisi za mji. Serikali ya mji ina idara nyingi: ya maji, ya njia, ya bustani, ya bandari, na nyinginezo. Kila idara yatakiwa kumteua mtumishi mmoja wa kuangalia habari za taka, ili lisije likawa jambo la wote likakosa mwenyewe. Kazi yake ni kuona ya kuwa mapipa yapo, ya kuwa wafanyakazi wapya wamefundishwa, na ya kuwa karatasi haitumiwi ovyo.

Idara moja inapohama nyumba au kupata meza mpya, za zamani hazitupwi. Huandikwa katika orodha iliyo kwenye intaneti, na idara nyingine yenye haja huzitwaa bila kununua. Zikikosa mtu humo serikalini, shule na vyama vya kusaidia watu vyaweza kuzipata. Ni kama ghala isiyo na kuta: vitu hukaa pale vilipo, na habari zake ndizo zitembeazo. Hiki ni kipandio cha pili cha ile ngazi yetu.

Mwaka 2007 mkuu wa mji alikataza idara kutumia fedha za mji kununua maji ya chupa. Sababu yake haikuwa ngumu kufahamika. Maji ya bomba ya San Francisco hutoka milima ya Sierra Nevada, ni safi, na mji wenyewe ndio uyaletao. Kununua kwa fedha nyingi kile ulicho nacho tayari, kisha kulipa tena ili chupa zake zikatupwe, ni hasara mara mbili. Mwaka 2014 ikatoka sheria ya kuzuia kidogo kidogo uuzaji wa maji katika chupa ndogo za plastiki mahali pote palipo mali ya mji, pamoja na sherehe zifanywazo katika bustani zake.

Mahali pagumu kuliko pote palikuwa kiwanja cha ndege. Kiwanja hicho ni mali ya mji, ijapokuwa kiko nje ya mipaka yake, na mwaka 2018 walipita hapo abiria zaidi ya milioni 50. Wenye kiwanja walikadiria ya kuwa chupa za maji kama 10,000 zilikuwa zikiuzwa kila siku. Tarehe 20 Agosti 2019 uuzaji wa chupa hizo za plastiki ulikomeshwa. Lakini angalia, hawakuanza kwa kukataza. Kwanza waliweka mabomba mengi ya kujazia maji ya kunywa bure, ili mwenye chupa yake apate kuijaza. Mwenye kiu asipopewa njia nyingine, sheria humfanya mkosaji. Akipewa njia, sheria humfanya mwanafunzi.

5. Siku ya sherehe

Ofisini watu ni wale wale kila siku, nao waweza kufundishwa. Sherehe haiko hivyo. Watu elfu nyingi hukusanyika kwa siku moja, wengi wao ni wageni, hula wakisimama, hufurahi, kisha huondoka. Kwa saa chache mahali hapo pamekuwa mji mpya usio na desturi. San Francisco ina sherehe nyingi za namna hii: gwaride, masoko ya barabarani, ngoma katika bustani kubwa iitwayo Golden Gate Park, na mashindano ya mbio yaitwayo Bay to Breakers, yaliyoanza mwaka 1912, ambayo wakimbiaji hukata mji wote kutoka ghubani hata baharini, kilomita kama 12.

Mji umejifunza ya kuwa taka za sherehe hazishindwi siku ya sherehe. Hushindwa kabla yake. Atakaye kuifunga njia kwa ajili ya soko au mbio, mahali patakapouzwa vinywaji au patakapotoka taka nyingi, sharti alete pamoja na maombi yake mpango wa kuzitenga. Mpango huo waonyesha mapipa yatakuwa mangapi, yatawekwa wapi, nani atayaangalia, na nani atayachukua.

Mambo manne hasa ndiyo yaletayo faida. La kwanza ni kuwaambia mapema wauzaji wa chakula ni vyombo gani vinavyoruhusiwa. Tangu mwaka 2007 vyombo vyeupe vyepesi vya plastiki iliyojaa hewa vimekatazwa kwa wauza chakula wa mji huo, kwa maana havina mnunuzi, navyo hupeperushwa mpaka baharini. Kikombe kisicholetwa sherehenia hakiokotwi jioni.

La pili, mapipa yote matatu husimamishwa pamoja kila mahali. Pipa likiwa peke yake, hata likiwa na rangi na maandishi, watu hulitia kila kitu, kwa kuwa mwenye takataka mkononi hatatembea hatua 50 kutafuta pipa jingine.

La tatu, juu ya mapipa huwekwa picha za vitu vyenyewe, na penye watu wengi husimama wasimamizi. Msimamizi haji kukemea. Humwonyesha mgeni kwa upole: sahani hii ni ya kijani, kopo hili ni la buluu. Mgeni aliyeonyeshwa mara moja mara nyingi humwonyesha mwenzake.

La nne ni kikombe kirudicho. Sheria iliyotolewa mwaka 2018 iliwataka wafanyao sherehe kubwa katika mali ya mji wawe na vikombe vya kutumika tena vya kuwatosha angalau watu 10 katika kila 100 waliokuja. Ni mwanzo mdogo. Mji wa München, katika Ujerumani, ulitangulia sana. Tangu mwaka 1991 ulikataza vyombo vya kutumika mara moja katika sherehe zifanywazo katika ardhi yake. Huko mtu hulipa fedha kidogo juu ya bei ya kinywaji, na akirudisha chombo hurudishiwa fedha yake. Bila shaka mmekwisha kuitambua njia hiyo: ni ile ile ya chupa ya soda ya dukani petu.

6. Mji haukufika mwisho

Je, shabaha ya kutopeleka taka jaani ifikapo mwaka 2020 ilifikiwa? Yafaa tuseme kweli. Mwaka 2012 wakuu walitangaza ya kuwa taka zisizokwenda jaani zimefika sehemu 80 katika 100. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini katika hesabu hiyo vilikuwamo pia vifusi vizito vya majumba yaliyobomolewa, na kwa hiyo wengine waliuliza kama desturi za watu zilibadilika kwa kadiri hiyo. Kisha maendeleo yakapungua. Watu waliendelea kununua vitu vingi, na vingi vilitengenezwa hata visiweze kuingia pipa la buluu wala la kijani: mifuko yenye tabaka za plastiki na alumini zilizogandamana, vitambaa vya watoto, vyombo vya namna nne katika kimoja. Hakuna pipa liwezalo kurekebisha kitu kilichoharibiwa tangu kiwandani. Mwaka 2020 ulifika, na malori yalikuwa bado yakienda Hay Road.

Kwa kweli hata kabla ya mwaka huo, mnamo mwaka 2018, mji uliweka shabaha mpya. Ilisema ya kuwa ifikapo mwaka 2030 taka zote, zikiwa za pipa lo lote, zipunguzwe kwa sehemu 15 katika 100, na zile za kufukiwa au kuchomwa zipunguzwe kwa nusu. Angalia tofauti. Shabaha ya kwanza ilisema, Usitupe jaani. Ya pili yasema, Usifanye taka nyingi, hata zile za pipa la buluu. Mji umeteremka kwenye ngazi na kuanza tena katika kipandio cha kwanza. Tena ikatolewa sheria ya kukagua mapipa ya majumba makubwa kila baada ya miaka 3. Jumba likionekana halikutenga vema, mwenyewe analazimika kuajiri watu wa kuitenda kazi hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

7. Na sisi je?

Nchi zetu nazo hazikulala. San Francisco ilikuwa mji wa kwanza wa Marekani kukataza mifuko ya plastiki katika maduka makubwa, mwaka 2007. Rwanda ilitoa sheria yake mwaka 2008 kwa nchi nzima, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Watu wakarudi kwenye vikapu, jambo ambalo bibi zetu walilijua zamani.

Lakini itazameni siku ya michezo ya shule, au siku ya wazazi. Asubuhi kiwanja ni safi. Jioni kimejaa chupa za maji, maganda ya miwa, na vikombe vilivyokanyagwa. Ni nani azoaye? Mara nyingi ni mzee mmoja mwenye ufagio, au watoto wa darasa la chini. Hao hawakula wala hawakunywa kuliko wengine.

Basi yale manne ya San Francisco yaweza kufanywa hata penye shule isiyo na fedha. Juma moja kabla ya siku yenyewe, hesabuni wageni, na kusanyeni vikombe vya bati na sahani za kuazima kwa jirani. Wekeni maji ya kunywa yaliyochemshwa katika ndoo zenye bomba na vifuniko. Simamisheni madebe matatu pamoja, moja la maganda, moja la chupa na makopo, moja la mengineyo, na juu yake mchore picha. Kila mahali penye madebe wawekeni wanafunzi wawili wa kuwaonyesha wageni kwa adabu. Jioni maganda yatiwe katika shimo la mboji la bustani ya shule, na chupa na makopo yauzwe kwa wanunuzi wa vitu vikuukuu. Kisha pimeni kila debe kwa mzani, mwandike uzito katika daftari, ili mwaka ujao mjue kama mmesonga mbele au mmerudi nyuma. Shule isiyopima hujisifu kwa mapipa yake. Shule ipimayo hujua kama mapipa yanafanya kazi.

Na neno la mwisho. Kule gatini, kando ya ule mkanda uendao, watu husimama kwa saa nyingi wakichambua yaliyotupwa na wengine. Kipande cha kioo kilichovunjika au sindano iliyofichwa katika karatasi yaweza kuwachoma mikono, na betri iliyotupwa ovyo yaweza kuwasha moto nyumba nzima. Hatuwajui majina yao, wala wao hawatujui. Lakini nyuma ya kila pipa, katika kila mji, yuko mtu. Tukiweka kila kitu mahali pake, tunamtendea mtu huyo kama tutakavyo kutendewa sisi.

Maswali

1. Kwa nini mji wa San Francisco hauwezi kuwa na jaa kubwa ndani ya mipaka yake?
2. Ganda la ndizi likioza shambani na likioza jaani, matokeo yake yanatofautianaje? Eleza sababu.
3. Taja vipandio vitatu vya ngazi, na kwa kila kimoja toa mfano mmoja kutoka nyumbani kwenu.
4. Wenye kiwanja cha ndege walifanya nini kabla ya kukomesha uuzaji wa chupa za maji? Kwa nini jambo hilo lilikuwa la lazima?
5. Shabaha ya mwaka 2018 inatofautianaje na zile za mwaka 2002 na 2003?
6. Andika mpango wa kupunguza taka katika siku ya michezo ya shule yenu. Onyesha nani atafanya nini, na lini.